MGENI WA MELI NA MJI ASIOONYESHWA

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu tunaitumia methali hiyo tukiwa na maana ya kitoweo. Mgeni akija kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba nao hupata mchuzi. Lakini methali hiyo ina maana pana zaidi. Mgeni akibisha hodi mwenyeji hufagia uwanja, huondoa utando wa buibui darini, na huanza kukumbuka kilichomo ndani ya kasha alilorithi kwa babu yake. Leo napenda tuizungumze maana hiyo ya pili, na mgeni tutakayemfuata ni yule anayeletwa Dar es Salaam na meli za watalii.

Meli hizo wengi wenu mmeziona. Ni majumba yanayoelea. Hupita polepole katika mlango mwembamba wa bandari, kati ya Kigamboni na Magogoni, na watu waliojaa kwenye pantoni husimama kutazama. Abiria wake nao huegemea vyuma vya ubavuni wakitutazama sisi. Watu hao wamekwisha kupita katika visiwa na bandari nyingi, na kwa baadhi yao Dar es Salaam ndicho kituo cha mwisho. Mabegi yamekwisha kufungwa. Zimebaki saa chache za kuuona mji, kisha safari ya kurudi kwao.

Je, katika saa hizo chache huonyeshwa nini? Kwa kawaida hupandishwa katika basi lenye kipoza hewa. Huonyeshwa Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1898 na 1902. Huonyeshwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897, na Boma la Kale lililo ng'ambo ya barabara kutoka bandarini. Huzungushwa penye sanamu ya Askari, wakaingia Makumbusho ya Taifa, wakachungulia soko la samaki la Feri. Muda ukiruhusu hupelekwa Mwenge kununua vinyago. Halafu hurudishwa.

Ndugu msikilizaji, hayo yote ni mambo mema, na wanaofanya kazi ya kuwatembeza wageni hao wanastahili sifa. Lakini chukua ramani ya jiji, uweke kidole bandarini, kisha uzungushe duara dogo ambalo mtu mzima anaweza kulimaliza kwa miguu kabla ya jua kuwa kali. Ukiondoa vinyago vya Mwenge, kila anachoonyeshwa mgeni huyo kimo ndani ya duara hilo. Na historia anayosimuliwa ni ya watu waliofika hapa kama alivyofika yeye, yaani kwa meli.

Tuikumbuke kwa kifupi. Hapo zamani palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kiitwacho Mzizima. Katikati ya miaka ya 1860 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Majid bin Said, aliipenda bandari hii iliyojificha na upepo, akaanza kujenga mji mpya kandokando yake. Boma la Kale ni la wakati huo. Mwaka 1867 aliwaalika mabalozi wa nchi za kigeni waliokuwa Zanzibar, akawafanyia karamu kubwa ya kuutukuza mji wake. Tunaweza kusema hao ndio waliokuwa watalii wa kwanza wa Dar es Salaam, na wao pia walionyeshwa majumba ya ufukweni tu. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Seyyid Barghash hakuwa na shauku na mji huo. Nyumba nyingi zikaachwa ziote magugu.

Mwaka 1887 wakaja watu wa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1891 serikali ya Wajerumani ikahamisha makao yake makuu kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, kwa sababu bandari ya Bagamoyo haikuweza kuzikaribisha meli kubwa. Ndipo yakajengwa makanisa, maofisi na hospitali ya Ocean Road. Mwaka 1909 walimsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, mtu aliyevunja upinzani wa Abushiri na wenzake huko pwani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo, na mwaka 1927 wakaiweka ile ya Askari tunayoijua, ambaye singe yake imeelekea bandarini. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili.

Hapo ndipo mtembeza wageni anapomaliza. Lakini tukimwuliza swali moja tu hadithi yake itayumba. Mawe ya majengo hayo yalibebwa na nani? Na hao waliobeba walilala wapi jua lilipozama?

Ndugu msikilizaji, jibu la swali hilo limo katika ramani. Tangu enzi za Wajerumani mji huu uligawanywa kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza katika miaka ya 1920 wakaukaza mgawanyo huo. Palikuwa na eneo la majumba ya namna ya Kizungu, nalo likaitwa Uzunguni. Palikuwa na eneo la maduka na nyumba za Wahindi, nalo likaitwa Uhindini. Na palikuwa na eneo la tatu la nyumba za udongo za Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu, ati kwa ajili ya afya, ili maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda upande wa pili. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Leo tunapita hapo bila kufikiri kwamba tunavuka mpaka.

Jina lenyewe la Kariakoo ni historia tosha. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi, nasi tukalitohoa jina la Kiingereza la kikosi hicho kwa namna ya kinywa chetu. Wapagazi walibeba risasi na unga toka pwani hadi bara, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi waliuawa na njaa na maradhi kuliko walivyouawa na risasi. Maandishi yaliyo chini ya sanamu ya Askari yanawataja wapagazi hao, lakini umbo lililosimamishwa juu ni la mwenye bunduki. Kumbukumbu iliyo kubwa kuliko zote ya mbeba mzigo katika jiji hili ni jina la soko.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walizidi kumiminika mjini. Kariakoo ikajaa, Ilala nayo ikajaa. Serikali ya kikoloni ikapima viwanja mbali zaidi, na hivyo ndivyo Temeke, Magomeni na Kinondoni zilivyopanuka zikawa mitaa ya mji. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 iliwakuta wakazi wapatao 129,000 katika Dar es Salaam nzima. Hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3, na wilaya ya Temeke peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.3. Ndiyo kusema kwamba tunachokiita pembeni ndicho mji wenyewe. Kile anachoonyeshwa mgeni ni sebule tu.

Mitaa hiyo haikuwa na makanisa yenye minara mirefu ya Kijerumani, lakini ilikuwa na jengo lake, nalo ni nyumba ya Kiswahili. Mnaijua. Mbele pana baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu katikati, na vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule. Nyuma ni uani, penye jiko na choo. Hapo zamani ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na paa la makuti au la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mwenye nyumba, aghalabu mwanamke, alikaa chumba kimoja, na vingine alipangisha. Chumba hiki Mzaramo, kile Mmanyema, cha tatu Mnyamwezi, cha nne Mngoni au Mpogoro. Watu hao walichota maji pamoja, walipikiana, walizikana. Walipogombana iliwalazimu kugombana kwa Kiswahili, maana hapakuwa na lugha nyingine ya kuelewana.

Wataalamu wanapoandika jinsi taifa hili lilivyopata lugha moja, hutaja shule, magazeti na siasa. Hapana shaka wana haki. Lakini na ule ukumbi wenye vyumba sita utajwe pia. Hakuna mtalii anayeonyeshwa nyumba hiyo na kuambiwa kwamba hili nalo ni jengo la kihistoria.

Sasa turudi bandarini, maana huko ndiko mgeni wetu alikoshukia. Anaposhuka siku hizi anaiona meli yake imekaa ubavuni mwa gati. Hadi mwaka 1956 magati ya maji marefu hayakuwapo. Meli zilitia nanga katikati ya bandari, na mizigo ikashushwa katika matishari ndipo ifikishwe nchi kavu. Kazi hiyo ilifanywa na makuli. Walikuwa vibarua wa kutwa, leo una kazi, kesho huna, na mshahara haukutosha kulipia chumba na chakula. Mwaka 1939 waligoma. Mwaka 1943 wakagoma tena. Mwezi Septemba 1947 waligoma mgomo mkubwa, ukashika njia ya reli na kuenea katika miji ya bara, na serikali ikalazimika kuwaongezea ujira. Wakaunda chama chao. Abdulwahid Sykes, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, alipata kuwa katibu wake. Mwaka 1950 kulitokea ghasia katika mgomo mwingine, na chama hicho kikavunjwa.

Fikirini, ndugu zangu. Miaka saba kabla ya kuzaliwa TANU, watu wasiokuwa na elimu kubwa wala silaha waliweza kuisimamisha bandari nzima. Gati anapokanyaga mtalii lina historia hiyo, lakini sijapata kuona pale hata kibao kimoja cha mbao chenye kuwakumbuka makuli wa mwaka 1947.

TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika ofisi ya Waafrika iliyokuwa mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ng'ambo ile ya Mnazi Mmoja. Mwalimu Julius Nyerere wakati huo alikuwa akifundisha Pugu. Mwaka 1955 aliiacha kazi ya ualimu, na baadaye akakaa Magomeni. Nyumba yake ya Magomeni ipo hadi leo, nayo imehifadhiwa kama makumbusho. Si jumba la fahari. Ni nyumba ya mtu wa kawaida katika mtaa wa watu wa kawaida, na fundisho lake limo katika jambo hilo hilo. Mgeni akiona Ikulu na akaona nyumba ile siku moja, hahitaji hotuba ndefu ya kumweleza Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani.

Siasa ya wakati huo haikuendeshwa ofisini tu. Iliendeshwa barazani na katika ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwa kiongozi wa kina mama wa TANU, na aliwafikia wanawake kwa njia zile zile za ngoma na shughuli zilizokuwa zimekwisha kuwaunganisha. Mikutano mikubwa ilifanyika Mnazi Mmoja na Jangwani, na uwanja ulioachwa mtupu ili watu watengwe ukawa ndio uwanja wa kuwakusanya.

Ndugu msikilizaji, kuna jina moja ambalo wakazi wa Temeke hulisikia kila siku. Kondakta wa daladala hulitaja akining'inia mlangoni: "Kwa Aziz Ali! Kwa Aziz Ali, wa kushuka!" Abiria hushuka, wengine hupanda, gari likaondoka. Mwulize kijana aliyeshuka hapo, huyo Aziz Ali alikuwa nani? Wengi watakwambia ni kituo. Aziz Ali alikuwa mtu, mjenzi na mfanyabiashara wa Kiafrika aliyejulikana sana mjini wakati wa ukoloni, na alijenga misikiti. Mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU, aliyetoa mali yake nyingi kwa ajili ya chama hicho, hata gari. Jina hilo linatamkwa mara maelfu kila kukicha, na maana yake inakufa midomoni mwetu wenyewe.

Na Temeke ina kubwa kuliko hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza iliteremshwa na bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Jambo hilo halikufanyika Kivukoni wala mbele ya Azania Front. Lilifanyika Temeke, katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Uhuru. Mume wa Malkia wa Uingereza alikuwapo, Gavana Turnbull alikuwapo, na watu wa mitaani walikuwapo kwa maelfu. Leo maelfu hupita ubavuni mwa uwanja huo kwenda kutazama Simba na Yanga katika uwanja mkubwa wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007. Wanajua nani alifunga bao na dakika ya ngapi. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba ukuta wa pili yake ndipo nchi yao ilipozaliwa?

Wala uhuru wenyewe haukuishia kwetu. FRELIMO iliundwa hapa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilipounda Kamati ya Ukombozi, makao yake yaliwekwa katika jiji hili, na yalikaa hapa hadi kazi ilipokwisha mwaka 1994. Kurasini, mwendo mfupi kutoka bandarini, ndiko ilikokuwa Taasisi ya Msumbiji, mahali vijana wakimbizi walikosomeshwa. Tarehe 3 Februari 1969 Dakta Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi katika nyumba moja ya ufukweni huko Oyster Bay, wilaya ya Kinondoni. Kifurushi kilikuwa na bomu, akafa papo hapo. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, na baada ya nchi yake kupata uhuru mabaki yake yakahamishiwa Maputo.

Gari la watalii hupita Oyster Bay likielekea Mwenge. Pengine abiria huambiwa kwamba hapa wanakaa mabalozi. Pengine hununua picha za Tingatinga zenye rangi za kung'aa. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa kusini aliyekuja mjini kutafuta kazi, alianza kuchora na kuuza picha zake katika sehemu hizo hizo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kawaida za madukani, na akafa kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mhalifu mwaka 1972. Picha inapanda meli, lakini habari ya mchoraji inabaki barabarani.

Labda atatokea mtu aseme: haya yote ni mambo ya juzi, na mtalii anataka magofu ya kale. Basi na aende Kunduchi, wilaya ya Kinondoni hiyo hiyo. Huko kuna magofu ya msikiti ambao wataalamu wanaukadiria kuwa wa karne ya 15 au ya 16. Ubavuni mwake kuna makaburi yenye nguzo za mawe, na katika kuta na nguzo hizo wajenzi walipachika sahani na bakuli kutoka China. Majid hajazaliwa bado, wala hakuna Mjerumani aliyeota Dar es Salaam, watu wa pwani hii walikuwa na misikiti ya mawe na walifanya biashara na mataifa ya ng'ambo ya bahari. Nendeni mkaone. Lakini mtakuta sehemu nyingi ni mashimo matupu. Sahani zimeng'olewa, moja baada ya nyingine, na mikono ambayo haikujali. Nasi hatukulinda.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Hatuwezi kumlaumu mgeni wa saa sita kwa kutoiona Temeke, ikiwa mkazi wa miaka sitini wa Temeke hajawahi kuonyeshwa Temeke. Hatuwezi kudai mgeni aheshimu kaburi la Kunduchi, ikiwa sisi tumeliacha liporwe. Mgeni huonyeshwa kile ambacho mwenyeji amekifagia na kukitengeneza. Duara lile dogo la Kivukoni lilifagiwa na kuandikwa na waliolijenga, nasi tumepokea maandishi yao tukaendelea kuyasoma. Upande wetu haujaandikwa.

Nasema hivyo nikijua kuna hoja za upande wa pili, na ni hoja za kweli. Ya kwanza ni msongamano wa magari. Mtu mwenye saa sita hawezi kutumia tatu akiwa amekwama Jangwani au barabara ya Kilwa. Ni kweli, lakini tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka hutoka Kivukoni hadi Magomeni katika njia yake yenyewe, na Kurasini na Uwanja wa Uhuru haviko mbali na lango la bandari. Penye nia pana njia.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wako watu katika miji mingine ya dunia wanaofanya biashara ya kuwatembeza matajiri katika mitaa ya maskini ili wapige picha. Jambo hilo halina heshima. Wakazi wa Mbagala na Tandale si wanyama wa Mikumi wa kutazamwa kupitia kioo cha gari. Ninachopendekeza ni kinyume chake. Mgeni asije kutazama umaskini wa mtu. Aje kusikiliza historia ya mtu, akaribishwe barazani kwa hiari ya mwenye baraza, na msimulizi awe mkazi wa mtaa huo huo na alipwe kwa kazi yake.

Hoja ya tatu ni ya maendeleo. Mji haukai vile vile. Pale Magomeni Kota kaya 644 zilihamishwa ili nyumba za zamani zibomolewe, na baada ya miaka mingi ya kusubiri, maghorofa mapya yalizinduliwa mwaka 2022. Nani angethubutu kuwaambia watu wakae katika nyumba zinazovuja ili ziwe maonyesho? Si mimi. Lakini kubomoa nyumba na kubomoa kumbukumbu ni mambo mawili. Kabla tingatinga halijaingia, mtu anaweza kupiga picha, kupima vyumba, na kuwauliza wazee nani alikaa wapi na walifanya nini. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kijana mwenye daftari na mzee ambaye bado yu hai. Na wazee, ndugu zangu, hawatusubiri. Mtoto wa miaka 10 aliyebebwa mabegani usiku ule wa uhuru mwaka 1961 sasa amepita miaka 70.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila halmashauri ya jiji hili iweke vibao. Pale Kwa Aziz Ali pawe na kibao cha kueleza Aziz Ali alikuwa nani. Pale bandarini pawe na kibao cha makuli. Kurasini nako vivyo hivyo. Pili, walimu wetu wasingoje safari ya Bagamoyo au Kilwa ili kuwafundisha watoto historia. Mtoto wa shule ya Temeke anaweza kufika Uwanja wa Uhuru kwa miguu na kurudi kabla ya kengele ya mchana. Tatu, waongoza watalii waongezewe elimu ya upande wa pili wa Mnazi Mmoja, ili wasiwe na hadithi moja tu ya kusimulia. Nne, kilichobaki Kunduchi kilindwe na wanakunduchi wenyewe, kwa kuwezeshwa, maana mlinzi mwema wa kaburi ni yule anayejua kwamba aliyelala humo ni wake.

Hayo yakifanyika, tuseme mtalii asije kabisa. Tuseme meli zote zibadili njia zisipite tena katika bandari hii. Je, tutakuwa tumepata hasara? La hasha. Kijana wa Mbagala atakayejua kwamba bendera ya nchi yake ilipandishwa jirani na kwao hatajiona tena kuwa anakaa pembezoni mwa mji wa watu wengine. Faida hiyo haipimwi kwa dola, wala haiondoki na meli.

Mgeni amekwisha kubisha hodi, naye hana muda mrefu. Basi tukaanze kufagia, lakini safari hii tusiishie sebuleni.